Simba wa Kilo Moja

Daktari Otakar Vrbata alikuwa na simba wengi kuliko bustani yoyote ya wanyama ya Bohemia, na wote walilala kabatini. Walikuwa simba wa fedha safi, kila mmoja kilo nzima, mpana kama kisahani cha chai, na mikia miwili kama simba wa Wacheki anavyotakiwa kuwa. Kiwanda cha sarafu hapo Jablonec kilitoa mmoja kila mwaka, kwa idadi ndogo, na kila sarafu ilikuja na cheti chake chenye namba. Namba ya Daktari ilikuwa arobaini. Alikuwa ameishikilia tangu simba wa kwanza, maana utaratibu ulikuwa huo: ukichukua kila mwaka, namba ni yako; ukiruka mwaka mmoja tu, anapewa aliyekuwa akikuvizia nyuma. Daktari hakuruka hata mwaka aliopasuliwa moyo. Akiwa bado na mipira puani alimtuma mkewe, Blažena, akamchukulie simba wake.

Wengine hujivunia watoto, wengine magari. Otakar alijivunia vyeti vile alivyovipanga katika albamu, arobaini juu ya arobaini, na mgeni akija nyumbani hakuulizwa chai wala kahawa kabla hajaonyeshwa. Blažena aliwahurumia wageni, lakini hakumlaumu mumewe. Na yeye alijivuna, kimoyomoyo. Alipenda kuwa mke wa mtu anayekijua kitu kimoja mpaka mwisho wake.

Lakini sifa kubwa ya Otakar haikuwa kabatini, ilikuwa kwenye kiti. Chama cha wakusanya sarafu hukutana Jumamosi moja ya Novemba, simba mpya anapotoka, katika ukumbi mdogo juu ya baa, na kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kumsifu simba huyo, mwenyekiti humsoma. Kumsoma ni kumtazama kwa lenzi, kimya, kisha kumfungia kikashani na kumweleza kwa sauti, ukianza na makosa. Sifa huja baadaye, kama zimebaki. Otakar alikuwa msomaji tangu chama kilipoanza, na hakuwa na huruma. Maisha yake yote alikuwa daktari wa meno, kwa hiyo kila mwaka alianzia mdomoni. Simba huyu ana meno ya mbwa. Simba huyu gego lake limeota juu ya ulimi. Mwaka mmoja alisema simba wa kiwanda anahitaji meno ya bandia, na mchoraji wake, mtu mzima na heshima zake kutoka Praha, akaondoka kabla supu haijaletwa.

Kilichomnyima Blažena usingizi ni kwamba msomaji huyu alikuwa hasomi tena. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati. Pembeni aliona: alitembea barabarani bila fimbo, alimimina bia bila kulowesha meza, aliwatambua watu kwa mwendo wao. Lakini chochote alichokitazama moja kwa moja kilifunikwa na doa la kijivu, liwe gazeti, uso wa mkewe au simba. Daktari wa macho kule Liberec alisema hakuna dawa. Aliyejua ni Blažena peke yake, na alikuwa ameapishwa.

"Wakijua watanionea huruma," Otakar alimwambia. "Lumír ataniletea fimbo nyeupe ya vipofu yenye utepe."

"Lumír ni rafiki yako."

"Ndiyo maana ataifunga utepe."

Basi wakabuni njia yao. Picha ya simba mpya hutangulia katika kitabu cha matoleo ambacho kiwanda huwatumia wateja wake. Blažena alikaa nacho jikoni, lenzi mkononi, na Otakar akawa anamhoji kama mgonjwa. Miguu iko wapi? Ulimi je? Kucha zinaonekana zote? Kisha alikariri kila kitu, na ukumbini akaishika sarafu chini ya lenzi, akakunja uso kama anayetazama, akasema alichokariri. Mwanzoni Blažena alijibu alichoulizwa tu. Polepole akaanza kuona mambo ambayo hakuulizwa. Mwaka uliopita alisema, huku akimenya viazi, "Huyu manyoya yake yanapeperuka kushoto na mikia inapeperuka kulia. Kwani amesimama kwenye pepo mbili?"

Otakar alilibeba neno hilo mpaka ukumbini. Watu walicheka, wakagonga meza kwa vifundo vya vidole, na simba yule akaitwa Simba wa Pepo Mbili mpaka Brno. Blažena alikuwa ameketi nyuma na kipande chake cha keki, akiwatazama wanaume wazima wakifuta machozi ya kicheko. Alifurahi, na akaumia kidogo, kisha akala keki yake.

Mwaka huu simba alikuwa wa Apolena.

Apolena ni mjukuu wao, mtoto wa binti yao. Amekulia kwenye chumba cha kungojea cha babu yake, akichora wanyama nyuma ya karatasi za wagonjwa, na kila mchoro aliupeleka ndani usomwe. Otakar aliuinua kwenye taa ya meno na kusema makosa kwanza, hata mtoto alipokuwa na miaka sita na anachora paka. Bibi alikuwa akinung'unika kwamba anamvunja moyo mtoto. Mtoto alikuwa akisimama mbele ya babu huku mikono iko mfukoni, anasikiliza mpaka mwisho, anarudi kuchora tena. Sasa alikuwa mchongaji wa sarafu na medali, na kiwanda kilikuwa kimeuchagua mchoro wake kati ya michoro ya watu wenye mvi.

Siku habari ilipofika, Otakar alizunguka mji mzima kwa miguu ili akutane na watu. Alikwenda duka la mikate mara mbili. Hakumwambia Apolena neno zaidi ya "Tutaona akitoka", lakini mwenye duka la mikate, fundi viatu na padri waliijua hadithi yote.

"Nitamsoma huyu," alimwambia Blažena, "kisha nitaachia kiti. Nimsomee mtoto simba wake kama nilivyosoma wa wengine, mbele ya watu wote. Nikishindwa na huyu, basi wale wote niliwasoma bure."

"Mwambie tu ukweli. Ni mjukuu wako."

"Akijua sioni, ataamini vipi neno langu? Nikimkosoa atasema babu anapapasa, nikimsifu atasema babu ananipenda. Hapana. Chukua lenzi."

Blažena alichukua lenzi. Katika kitabu cha matoleo simba wa Apolena alikuwa ameinuka kwa miguu ya nyuma, amepanua kinywa, ananguruma. Otakar aliposikia kinywa kipo wazi alisugua viganja vyake kama mtu aliyewekewa nyama ya kuoka. Walipitia jino kwa jino. Blažena aliona kwamba chonge la kulia limelipita lenzake, na akaona kitu kwenye ufizi. Otakar akakipa jina la kitabibu. Mpaka Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, alikuwa akiyasema yote akiwa bafuni, kwa sauti ya mwenyekiti.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wake za wanachama walikaa nyuma karibu na jiko la kupashia joto, kama kawaida, na Blažena akawa kati yao, begi magotini. Mbele, Lumír Šourek, katibu wa chama na mtani wa Otakar tangu jeshini, alikuwa akihangaika na waya. Alikuwa ameleta kamera ndogo ya mguu mmoja na mashine ya kutupa picha ukutani.

"Hii nini?" aliuliza Otakar, akisikia mlio wake.

"Tumezeeka, Daktari. Waliokaa nyuma hawaoni kitu ila kisogo chako."

"Kisogo changu kimewatosha miaka yote."

"Ndiyo hivyo, wameshakichoka."

Watu walicheka. Otakar naye alicheka, na hakuona hatari yoyote, maana aliamini alichokariri ni sahihi. Blažena naye hakuiona.

Apolena aliingia na sanduku la mbao kwapani. Mchoraji hupewa sarafu namba moja na cheti namba moja, na hiyo ndiyo aliyoileta, haijafunguliwa tangu itoke kiwandani. Sarafu namba moja ambayo haijaguswa si kitu cha mchezo. Kuna watu Vienna wangeuza shamba kuipata. Alimbusu bibi yake shavuni.

"Bibi, mbona mikono baridi hivi?"

"Novemba hii, mwanangu. Nenda mbele, wanakungoja."

Lumír alivaa glavu nyeupe za pamba, akasoma namba ndogo iliyochongwa kwenye ukingo wa sarafu, akailinganisha na ya kwenye cheti. Moja na moja. Sahihi ya Apolena ilikuwa chini ya cheti, wino wa bluu, herufi zimeinama kama zinakimbia. Cheti kilizungushwa mezani ndani ya plastiki yake na kila mtu alikisoma mpaka nukta ya mwisho, kama watu hawa walivyo.

Kisha Otakar akavaa glavu, akaketi, akafungua kikasha. Ukumbi ukawa kimya. Juu ya sarafu iliyo wazi hakuna anayesema, maana chembe moja ya mate ikiruka huacha doa lisilotoka, na ndiyo sababu hata bia haipandi ngazi zile mpaka simba afungwe. Aliiweka chini ya kamera, akainamisha lenzi. Ukutani akatokea simba mkubwa kuliko mlango.

Blažena alitazama.

Simba alikuwa amefunga mdomo.

Alidhani ni kivuli. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Midomo ya simba ilikuwa imekutana kutoka mwanzo hadi mwisho, imebana, na hapakuwa na jino hata moja la kuhesabu. Mbele, mumewe aliikunja sura chini ya lenzi, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyegundua jambo. Blažena alikohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu. Mke wa mwenye duka la saa akampa peremende.

Otakar alikifunga kikasha kwa kifuniko chake cha kioo, simba akabaki ukutani, akavua glavu kidole kwa kidole, akasimama.

"Makosa kwanza," alisema, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyengoja siku hii. "Mchoraji ni damu yangu, kwa hiyo leo sitampunguzia. Tuanze na kinywa. Amekipanua vizuri, koo linaonekana mpaka ndani, lakini chonge la kulia limelipita lenzake. Simba wa namna hii akifunga mdomo atajitoboa."

Mtu mmoja alicheka. Pengine ni mzaha, Daktari ana mizaha yake. Otakar alipenda kicheko, akaongeza mwendo.

"Ufizi wa juu umevimba. Ningekuwa na kazi bado, ningempa miadi Jumatatu. Na ulimi nao—"

Hakuna aliyecheka tena. Watu walitazama ukutani, wakamtazama yeye, wakatazama ukutani. Kimya kilizidi kuwa kizito, na Otakar, mwenye masikio mazima, alikisikia.

"Daktari," alisema Lumír, na hapakuwa na utani katika sauti yake. "Meno yapi?"

"Unataka nikuhesabie?"

"Simba amefunga mdomo."

Hapo ndipo Blažena alipoelewa. Picha ya kitabu cha matoleo hutengenezwa kwa kompyuta, miezi kabla simba hajagongwa kwenye fedha, na mchongaji ana ruhusa ya kubadili mchoro wake mpaka dakika ya mwisho. Kila mwanachama mpya alifundishwa hivyo siku ya kwanza, na aliyewafundisha wote ni Otakar: picha si sarafu, usihukumu kwa picha. Mumewe alilirudia somo hilo kwa wengine mpaka likamtoka kichwani mwenyewe. Na yeye Blažena, aliyelisikia mara zote hizo, hakulifikiria hata mara moja pale jikoni.

Otakar aliugeuzia ukuta uso wake. Kisha akainamisha kichwa pembeni, kidogo, kama kuku anayetazama punje, akitafuta kuona kwa pembe ya jicho. Blažena aliizoea ishara ile. Apolena alikuwa hajawahi kuiona, lakini kazi yake ni kutazama jinsi vichwa vinavyokaa. Aliinuka.

"Tangu lini, babu?"

"Tangu lini nini?"

"Huoni."

Blažena alikuwa ameshasimama kule nyuma, begi limemwanguka.

"Kosa ni langu," alisema, mbele ya watu wote, yeye ambaye ukumbini humo hakuwahi kusema zaidi ya kuomba sukari. "Mimi ndiye niliyemsomea ile picha. Nilipaswa kujua."

"Kaa, Blažena," alisema Otakar kwa upole. "Hukukosea. Ulisoma kilichokuwepo." Akawageukia wenzake, au mahali alipodhani wapo. "Siku nyingi sioni. Nimekaa kwenye kiti hiki nikiwadanganya. Leo nimemdanganya na mtoto huyu, siku yake kubwa. Tafuteni msomaji mwingine." Na akaanza kupapasa mgongo wa kiti akitafuta koti.

Blažena aliona aibu kwa ajili yake mpaka masikio yakamwaka. Angetoa kila simba wa kabatini ili mtu yule asipapase koti lake mbele ya watu. Lumír alilichukua lile koti. Badala ya kumpa, alilishika mikononi, akasimama nalo kama mhudumu wa hoteli asiyejua mgeni anakwenda wapi.

"Huondoki," alisema Apolena. "Hujanisomea simba wangu."

"Apolena, mwanangu, nisome kwa macho gani?"

Msichana alivuta kikasha, akakifungua kwa mikono mitupu. Mtu alisema "Glavu" kwa kunong'ona, kama anayeona mtoto karibu na maji.

"Ni namba moja hiyo," Lumír alisema. "Apolena, fikiri kwanza."

"Naijua namba yake, bwana Lumír. Sahihi iliyo kwenye cheti ni yangu." Akachukua mkono wa babu yake, akaufungua, akaiweka sarafu kiganjani.

Kilo ya fedha ina uzito wake. Mkono wa Otakar ulishuka nayo, na akataka kuirudisha upesi, vidole vimekauka, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kugusa uso wa sarafu kwa ngozi, na aliwahi kumfukuza mtu chamani kwa alama ya kidole gumba. Apolena alimfumba mkono juu yake.

"Soma," alisema.

Vidole gumba vya Otakar vilianza kutembea. Blažena aliijua mikono ile kuliko mtu yeyote. Miaka yote ya kazi ilikuwa ikiingia katika vinywa vya watu, nyuma kabisa, mahali ambapo taa haifiki na jicho halisaidii, na ilikuwa ikitoka na jibu. Ilipita kwenye manyoya, ikapanda kipaji cha uso, ikateremka puani. Ikafika mdomoni, ikasimama.

"Umemfunga," alisema.

"Nilimfunga mwishoni kabisa, kwenye kielelezo cha plasta. Kila nikiweka jino nakusikia unalihesabu. Nikasema mwaka huu babu hapati hata moja."

Kicheko kilianzia kwa Lumír, kikazunguka meza. Otakar alicheka mwisho, taratibu, mabega yakitikisika.

"Kwa hiyo ni ujeuri."

"Ni ujeuri mtupu."

"Vizuri. Makosa kwanza." Vidole vilishuka mgongoni mwa simba, vikafika nyuma. "Mikia. Hapa inapogawanyika umeogopa. Inaanza kwa nguvu, kisha inateleza, kama umeshikwa na wasiwasi mkononi. Ungeinua zaidi."

"Nilidhani haitatoka kwenye kugongwa."

"Ungejaribu. Kosa la pili, ukucha wa mguu huu wa mbele ni mnene, ni ukucha wa dubu." Vidole gumba vilirudi usoni, chini ya sikio la simba, vikakaa hapo, vikaondoka, vikarudi tena. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka. "Sasa nisikilizeni. Mtu akiuma meno ili asiseme, kuna msuli unainuka hapa, chini ya sikio. Nimeushika kwa kila mgonjwa aliyekuja kwangu na hofu yake. Simba wote niliowasoma walikuwa wanapiga kelele na hawana msuli huu. Huyu amefunga mdomo, na nguvu zake zote ziko hapa. Sijawahi kuushika kwenye fedha. Sikujua kwamba unaweza kuwekwa." Akashusha pumzi. "Huyu ni simba mzima. Ninajivunia aliyemtengeneza. Lumír, andika hivyo hivyo nilivyosema."

Walimgongea meza mpaka lenzi ikaruka. Apolena hakugonga, alikuwa akilia bila kujificha, pua imekuwa nyekundu, na hakuna aliyemtania. Blažena naye alilia, akacheka, akatafuta leso kwenye begi lililokuwa sakafuni. Alikuwa hajawahi kumpenda yule mzee wake kama wakati ule.

Otakar alinyoosha mkono kuwanyamazisha.

"Bado kuna jambo. Mwaka jana mlinigongea meza kwa ajili ya pepo mbili. Mwaka juzi mlisifu nilivyosema simba amesimama kama anayengoja basi. Hayo hayakuwa yangu. Mimi nilikuwa sioni kitu. Yalikuwa ya mke wangu, yote, ameyasema jikoni akimenya viazi, nami nikayaleta hapa na kuchukua makofi yake. Mnisamehe. Na yeye anisamehe."

Vichwa vyote viligeuka nyuma. Blažena alitamani jiko limmeze.

"Pepo mbili ni zako, Bi Blažena?" aliuliza Lumír. "Mimi nimeyasema maneno yale mpaka Brno nikijifanya ni yangu."

"Basi tumeiba sote wawili," Otakar alimjibu, "na aliyeibiwa ni yeye tu."

Watu walicheka, na Lumír alikuna kidevu chake. Alitundika koti la Otakar mahali pake, akavuta kiti cha msomaji, akakipangusa kwa kiganja.

"Upande wa nyuma haujasomwa," alisema. "Na Daktari amechoka, tunamwona. Njoo, Bi Blažena."

"Mimi? Ni kazi ya mjukuu wangu hiyo. Nitasemaje?"

"Ni mjukuu wangu pia," alisema Otakar, "na umesikia nilivyoikosoa mikia."

Blažena alipita katikati ya meza akishika migongo ya viti vya watu. Sarafu iligeuzwa chini ya kamera, na ukutani ukatokea upande wa pili: milima ya Jizera, misonobari imeelemewa na theluji, na nyumba ndogo ya mbao yenye moshi juu. Alivaa miwani vizuri. Apolena alisimama pembeni, amefuta machozi, mikono mfukoni.

"Makosa kwanza," alisema Blažena. "Paa la nyumba hii lina theluji kote, sawasawa, mpaka kwenye bomba la moshi. Jiko likiwaka, theluji iliyo karibu na bomba huyeyuka, lazima paa lionekane pale. Aliyechora hii hajawahi kuamka alfajiri kuwasha jiko. Alikuwa anaamshwa nyumba ikiwa imeshapata joto, na mimi namjua aliyekuwa akimwashia."

Ukumbi uliangua kicheko. Apolena alijifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakimcheza.

"Sasa sifa," Blažena aliendelea. Alikuwa akitazama tu, kama jikoni. "Njia ya kwenda mlangoni. Tazameni, imekanyagwa katikati na kando haijaguswa, na imekanyagwa mara nyingi, maana imezama. Hakuna mtu hata mmoja kwenye picha hii, lakini najua nyumba hii haikosi wageni. Watu wanaipenda, wanakuja na theluji yote hiyo. Hilo hukufundishwa shuleni, Apolena. Hilo umeliona mwenyewe. Umefanya vizuri, mwanangu, vizuri sana."

Meza ziligongwa tena, safu ya nyuma ikagonga kwa miguu. Otakar alikuwa ameketi karibu na Lumír, uso ameugeuza pembeni kidogo, upande ambao bado anaona, akimtazama mkewe aliyesimama mbele ya milima ile mikubwa.

"Huyo ni mke wangu," alimwambia Lumír, kana kwamba Lumír, aliyekula mezani kwao karibu kila Jumapili, alikuwa hajui.